Sura ya Saba: Tumzimie Bibi Redio?

Swali hili huulizwa na mabinti na wajukuu, mara nyingi kwa kunong'ona, mzee mwenyewe akiwa chumba cha pili. Nchi imechafuka. Barabara zimefungwa, kila taarifa ni mbaya kuliko iliyotangulia, na yeye ana miaka sabini na kitu, presha haitulii, usiku halali. Redio imewaka kando ya kitanda chake tangu alfajiri. Si afadhali tuizime?

Lipo swali la pili, nalo huulizwa na vijana zaidi, tena kwa ukali kidogo: mbona yeye haonekani kushtuka? Watu wanapigwa risasi Nairobi, naye ameketi ukumbini anachagua mchele. Kwani hajali?

Ukiyaweka pamoja utaona maswali haya yanapingana. La kwanza linamdhania mzee kuwa anaumizwa mno na habari, la pili linamdhania kuwa hazimgusi kabisa. Ajabu ni kwamba familia moja huweza kuyauliza yote mawili katika wiki moja, juu ya mtu yule yule. Nadhani yote mawili yanatokana na kutomtazama vizuri. Mzee anazisikiliza habari kwa namna ambayo sisi hatukufunzwa, na zile kazi zake ndogo za kutwa ni sehemu ya kusikiliza huko.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Hatuwezi kuwazungumzia wote, kwa hiyo tumchukue bibi mmoja wa mfano. Sitampa jina, maana nimemuunda ili tuwe na mtu wa kumtazama. Miaka aliyoiishi na mambo yaliyotokea ndani yake ni ya kweli. Amezaliwa mwaka 1948. Anaishi Likoni, upande wa kusini wa kivuko cha Mombasa, pamoja na binti yake na wajukuu wawili. Huamka kabla ya adhana, huswali, hufagia uani, humeza kidonge cha presha kwa chai ya rangi. Muuza maji akipita na mkokoteni hununua kwake mitungi miwili na kumuuliza habari za ng'ambo. Jioni, saa kumi na mbili na nusu, hakuna anayeruhusiwa kuzungumza: ni Dira ya Dunia ya BBC.

Redio inaponyamaza

Watu wa rika lake walijifunza siasa kwa masikio. Tena kwa miaka mingi sikio lilikuwa na chaguo moja tu la nyumbani: Sauti ya Kenya, iliyojulikana kwa kifupi kama VOK, redio ya serikali. Hadi katikati ya miaka ya 1990 hapakuwa na redio ya binafsi nchini. Rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, alipofariki tarehe 22 Agosti 1978 alikuwa Ikulu ya Mombasa, ng'ambo ya maji tu kutoka Likoni, lakini habari rasmi watu wa Likoni waliipata redioni, pamoja na watu wa Turkana.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Bibi yetu alikuwa na miaka 34. Baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi, na mojawapo ya mahali walipopataka mapema palikuwa studio za VOK. Walimfuata nyumbani mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, sauti iliyopendwa nchi nzima kwa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya siku kwisha wanajeshi watiifu kwa serikali walikuwa wamekirudisha kituo. Hebu fikiria somo aliloondoka nalo msikilizaji wa siku ile: sauti ni ile ile uliyoizoea, maneno ni ya mtu mwingine.

Tarehe 30 Desemba 2007, mara baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo mubashara, yaani yale yanayorushwa tukio likiendelea. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, mpaka Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walipotia saini mapatano tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Na tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoingia barabarani kuadhimisha mwaka mmoja wa maandamano ya 2024 ambayo tutayafikia hapa chini, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha maandamano hayo moja kwa moja, na mitambo ya baadhi yavyo ikazimwa. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo siku hiyo hiyo.

Sasa rudi kwenye swali letu la kwanza. Kwa mtu aliyepitia tarehe hizo zote, redio iliyozimika ghafla ni habari, na ni habari mbaya kuliko yoyote ambayo msomaji taarifa angeitoa. Mjukuu anayechomoa waya kwa huruma humwachia bibi yake kazi ya kukisia usiku kucha kilichotokea. Hata kituo kikikatika kwa sababu za mbali huleta wasiwasi: Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza kwa uamuzi uliotoka Washington, na msikilizaji mzee aliyezoea idhaa yake ya Kiswahili hulaumu betri kwanza, kisha huanza kulaumu mengine.

Kwa hiyo, msizime. Kama kuna haja ya kupunguza, na wakati mwingine ipo kweli, mwambieni kwa nini, na yeye ndiye ashike kitufe.

Habari inapofika dukani

Vijana wengi huipima habari ya siasa kwa nani alisema nini. Bibi yetu huipima kwa duka. Tuchukue Muswada wa Fedha wa 2024. Muswada ni pendekezo la sheria kabla halijapitishwa, na huu wa fedha huletwa bungeni kila mwaka kueleza serikali itatoza kodi gani. Ule wa 2024 ulikuwa na kurasa nyingi na vifungu vya kutatanisha hata kwa wahasibu. Lakini ndani yake mlikuwa na kodi ya thamani ya asilimia 16 juu ya mkate, na ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya kupikia ya mimea.

Bibi hakuhitaji mchambuzi. Mkate ukipanda, mtu wa pwani atasema basi tupike mahamri. Mahamri yanataka mafuta. Alishaufikia mwisho wa hesabu kabla waziri hajamaliza hotuba, na aliifanya huku akichagua mchele.

Vifungu hivyo viwili viliondolewa tarehe 18 Juni, kwa shinikizo la umma. Muswada uliobaki ukapitishwa na Bunge tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo, wengi wao vijana.

Siasa humfikia kwa mlango mwingine pia. Mkenya mwenye miaka 70 na zaidi anaweza kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa kidogo, na zina sifa ya kuchelewa. Zikichelewa, mzee huanza kuzifuatilia kwa watu: kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kwa jirani aliyetoka benki. Kwa sisi wengine bajeti ya taifa ni hotuba ya mwezi Juni. Kwake ni suala la kama deni la dukani litalipwa mwezi huu au litalala hadi ujao. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia apuuze habari za siasa kwa ajili ya afya yake, maana dawa za afya hiyo zinanunuliwa kwa hizo hizo shilingi 2,000.

Kwa ufupi, mpaka hapa

- Redio kwa mzee ni chombo cha kupimia hali ya nchi, na ukimya wake humtisha kuliko kelele zake.
- Anayeonekana kuendelea na kazi zake huenda ameshaielewa habari mapema kuliko sisi, kwa bei na kwa malipo.

Kwa nini hakosi kusalimia

Hapa ndipo penye kiini cha sura hii, na nitakaa kidogo.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kupora bunduki. Walikuwa wamekula viapo na kufanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo. Kisha wakawageukia raia waliotoka bara: Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba. Nyumba na vibanda vilichomwa, vikaratasi vya vitisho vikasambazwa kuwataka wageni waondoke, na watu zaidi ya 100 wakauawa katika majuma yaliyofuata. Wengine kwa maelfu walikimbilia makanisani au wakapanda mabasi kurudi bara. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mapigano ya kikabila ya miaka ile, pamoja na haya ya Likoni, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002.

Bibi yetu alikuwa na miaka 49. Alikuwa na majirani upande huu na upande ule wa mstari uliochorwa usiku mmoja. Walioishi mitaa ile wanajua kwamba dalili hazikuwa kwenye taarifa ya habari. Zilikuwa kwenye mazungumzo: utani uliogeuka kuwa mkali, kijana aliyeacha kuitikia salamu, mtu aliyeanza kumwita jirani wa miaka ishirini "mbara" kwa sauti ambayo hakuwa nayo zamani.

Ndiyo maana siku ambazo habari ni mbaya, utamwona mzee anatoka zaidi badala ya kujifungia. Anapeleka sahani ya mbaazi nyumba ya tatu. Anakaa barazani kwa mshonaji nguo zaidi kuliko ilivyo kawaida yake. Anamuuliza muuza mboga kama mumewe amerejea kutoka kazini. Kijana anayemtazama kutoka dirishani huona bibi mzee anayepiga soga nchi ikiteketea. Ukweli ni kwamba anafanya kazi ambayo hakuna kituo cha televisheni kinachoifanya: anakagua kama mtaa bado ni mtaa. Na sahani ile ina faida ya pili. Mtu uliyekula kwake Jumanne ni vigumu, si muhali lakini ni vigumu, kumpigia kelele Alhamisi.

Sisemi wazee wote ni wapatanishi. Wamo waliochochea, na wamo ambao hadi leo husema maneno ya 1997 kana kwamba hakuna aliyekufa. Umri haumpi mtu busara kwa lazima; humpa kumbukumbu, na kumbukumbu inaweza kutumiwa kwa njia yoyote.

Angalia pia anavyozungumza na mjukuu anayetaka kwenda kuandamana.

"Shikamoo bibi. Natoka kidogo, naenda mjini."

"Marahaba. Mjini gani leo?"

"Na wenzangu tu."

"Kula kwanza. Na kivuko wakikifunga, utarudi vipi?"

Hamkatazi wala hamtumi. Kivuko ndicho anachokijua. Swali lake linambana mjukuu kuliko hotuba, maana kweli hakuwa amelifikiria.

Presha haijui siasa

Familia zinaposema habari zinamdhuru mzee hazikosei. Mwili ukihisi hatari hutoa homoni, yaani kemikali zinazosafirisha ujumbe ndani ya damu. Mbili kati yake ni adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, presha hupanda. Kwa kijana hali hiyo hupita. Kwa mzee mishipa imeshakakamaa, na kama tayari anatumia dawa, siku kadhaa za mfululizo bila usingizi si jambo la kuchezea.

Lakini chanzo cha madhara ni kipi hasa? Mara nyingi ni marudio. Baada ya mabomu ya mbio za Boston nchini Marekani mwaka 2013, watafiti waliwahoji maelfu ya watu na kukuta kwamba waliofuatilia habari za tukio kwa saa sita na zaidi kila siku katika juma lililofuata walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwepo mahali pa mlipuko. Aliyekuwepo aliuona mlipuko mara moja. Wa nyumbani aliuona mara mia.

Hapo redio ina nafuu yake. Taarifa ya habari ya redio ina mwanzo na mwisho. Ikiisha inakuja taarabu, au matangazo ya vifo ambayo vijana huyaona ya kutisha na wazee huyaona kuwa ni adabu tu, kujua nani ametangulia na anazikwa wapi. Televisheni ya sebuleni inayorudia picha ile ile ya mtu anayebebwa damu zikimtoka, kutwa nzima, haina mwisho. Nikiombwa nichague cha kuzima, nitazima hiyo.

Simu ni jambo jingine

Kuna utafiti mwingine wa Marekani unaofaa kutajwa kwa uangalifu. Ulipitia Facebook wakati wa uchaguzi wa 2016 na kukuta kwamba waliozidi miaka 65 walisambaza habari za tovuti za uongo karibu mara saba ya vijana wa umri wa chini kabisa. Haraka watu wakahitimisha kwamba wazee ni wepesi kudanganyika. Kwetu nadhani jambo liko hivi: bibi aliyeihofu sauti ya Mbotela mwaka 1982 si mwepesi wa kudanganywa na redio. Ila ujumbe wa WhatsApp haumfikii kama habari. Unamfikia kama neno la mpwa wake, na yeye hakulelewa kumwambia mpwa kwamba ni mwongo.

Kumfundisha basi kuanzie hapo. Mwonyesheni ile alama ya mishale miwili juu ya ujumbe: maana yake umepita mikononi mwa watu wengi, na mpwa hakuuandika. WhatsApp yenyewe, tangu 2020, hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa zaidi ya mahali pamoja kwa mkupuo. Wakishajua kwamba kuutilia shaka ujumbe hakumvunjii mpwa heshima, wengi hujirekebisha upesi kuliko watoto wao.

Mambo ya kufanya siku zikiwa ngumu

Machache, na si kwa kila nyumba:

- Kubalianeni taarifa mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Ile ya kabla ya kulala iachwe.
- Msikilize naye. Atakuuliza jina la waziri, utamuuliza juu ya 1982. Mtu anayesikiliza peke yake gizani hukisia mengi.
- Msimpokonye kazi. "Pumzika bibi, tutafagia sisi" ni ukarimu siku za kawaida. Siku mbaya ni kumwachia habari peke yake bila kitu mkononi.
- Mpimeni presha saa ile ile kila siku, ameketi, baada ya kutulia dakika tano. Akilalamikia kifua, akashindwa kuinua mkono mmoja, au maneno yakamparaganyika, hiyo ni hospitali mara moja, hata kama barabara zina moshi.
- Kama kuna kijana aliyetoka, mwambieni mzee ukweli alikokwenda. Atajua tu.

Uongo wa huruma, kwa maoni yangu, ndio kosa kubwa kuliko yote katika nyumba zetu. Mzee akigundua mara moja kwamba alifichwa, kila "hakuna kitu bibi" itakayofuata ataisikia kama 1982.

Kabla ya Agosti 2027

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya umepangwa kufanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Familia yenye mzee ina maandalizi ambayo hayahusiani na chama chochote. Dawa za presha na za sukari ziwepo za mwezi mzima, kwa sababu jambo la kawaida kabisa linalowadhuru wazee siku za vurugu ni kliniki kufungwa na vidonge kuisha. Mitungi ya maji ijazwe. Unga, mchele na pesa taslimu kidogo viwekwe ndani. Mzee huyafanya haya mwenyewe bila kuambiwa, na usishangae ukikuta kilo tano za sukari chini ya kitanda mwezi Julai, wala usimcheke.

Kisha kuna kura yenyewe. Wazee hupishwa mbele ya foleni, na mpiga kura asiyeweza kuweka alama mwenyewe anaruhusiwa kuingia na msaidizi amtakaye, baada ya msaidizi huyo kuapa kwamba atatunza siri. Wajukuu wengi hudhani kazi hiyo ni yao moja kwa moja. Kumbukeni kwamba bibi huyu alikuwa na miaka 40 katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, pale wapiga kura wa uteuzi wa chama cha KANU walipopangwa kwenye mistari nyuma ya wagombea wao, mchana kweupe, kila jirani akiona nani kasimama wapi. Siri ya kura kwake ni kitu alichonyimwa akiwa mtu mzima, akarudishiwa baadaye. Muulizeni kama anamtaka mtu wa kuingia naye, na ni nani. Akisema ataingia peke yake, tatizo ni miwani tu, basi mpelekeni kwa daktari wa macho mapema, maana foleni za kliniki za macho ni ndefu na Agosti haitasubiri.